Konokono wanaokula matumbawe huku Tanga: wanakula vipi, wanazaana vipi? Wenye kujua tusaidiane

Mwana_Sahare

Wanajamvi, salaam.

Mimi ni mtu wa Sahare, Tanga mjini. Kazi yangu boti: napeleka wageni na wenyeji kuogelea kwenye miamba ya nje ya ghuba, na jioni natupa mshipi kwa ajili ya kitoweo. Bahari sikuisomea darasani, ila mwamba nauona kila wiki, na kuna tumbawe ambalo nimelizoea kama mtu anavyouzoea mwembe wa kwao.

Ni tumbawe la meza, limetanda kama sinia la pilau la watu wanane, upande wa kisiwa cha Yambe. Mwezi wa kwanza lilikuwa zima, rangi yake kahawia iliyoingia manjano, visamaki vya buluu vimejaa kwenye matawi. Mwezi wa tatu nikalikuta na doa jeupe pe, ukubwa wa kiganja, upande wa chini karibu na shina. Wiki iliyofuata doa limekuwa sahani. Nikaingiza mkono uvunguni, nikapapasa, nikatoka na konokono. Nikapapasa tena, wengine. Walikuwa wameshikana kichala kizima. Nilipowahesabu botini walifika 43, na hapo ni tumbawe moja tu.

Kila mmoja ni kama pingili ya kidole gumba. Gamba nene, lina vinundu butu vilivyojipanga mistari, ila vinundu huvioni mpaka ukwangue, maana gamba limevaa utandu wa waridi, ule ule unaoota juu ya mawe. Ndiyo maana siku zote nilikuwa napita juu yao nikidhani ni jiwe.

Sasa kosa langu, naliandika hapa bila kuficha. Wale waliojificha katikati ya matawi mkono haukuwafikia. Nikarudi na vijana wawili, nyundo na bisibisi, tukavunja matawi ili tuwatoe. Tuliondoka tumeridhika kabisa. Baada ya wiki mbili nikarudi: konokono wamekuwa wengi kuliko mwanzo, na wamekaa pale pale tulipovunja. Roho iliniuma sana.

Naomba kujua: hawa ni nani, wanakula vipi kitu kigumu kama jiwe, na wanazaana vipi mpaka wajae haraka namna ile?

Kaskazi_Tupu

Mkuu, hiyo nyeupe si kupauka kwa matumbawe kwa sababu ya joto? Maji yalipopata joto 2016 yalipauka sehemu nyingi tu. Huenda konokono wamekutwa pale wakasingiziwa.

Matumbawe_Hai

Swali zuri, na ndilo la kwanza kulimaliza, kwa sababu weupe wa tumbawe una maana zaidi ya moja.

Tumbawe lililopauka bado lina nyama. Ndani ya nyama yake huishi vijimea vidogo sana ambavyo ndivyo vinavyolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Joto likizidi, vijimea vinatoka, nyama inabaki kama kioo, na unachokiona ni chokaa ya ndani ikitokeza. Ukitazama kwa karibu utaviona vinywa vyake vidogo, bado vipo. Maji yakipoa mapema linaweza kupona.

Doa la konokono halina nyama kabisa. Ni mfupa mtupu, safi kama umeoshwa, na mpaka kati ya pazima na palipoliwa umekatika waziwazi. Fuata mpaka huo kwa macho, mlaji utamkuta hapo hapo au uvunguni karibu yake. Baada ya siku chache pale palipokuwa peupe panaanza kuota utando wa kijani, kisha majani ya baharini. Kwa hiyo ukikuta ukanda wa kijani, halafu mweupe, halafu rangi ya tumbawe zima, ujue unatazama chakula cha juzi, cha jana na cha leo.

Kuna na mlaji mwingine, yule kiti cha pweza mkubwa mwenye miiba yenye sumu na mikono mingi. Yeye anatoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, analitandika juu ya tumbawe na kulimeng'enya hapo hapo. Doa lake ni pana, na mara nyingi liko juu. La konokono kwa kawaida huanzia shinani na kupanda kwenye matawi, kama Mwana_Sahare alivyoeleza.

Kwa maelezo ya gamba, vinundu na utandu wa waridi, na kwamba wako kichala kwenye tumbawe la meza, huyo ni wa jenasi ya Drupella. Bahari yetu hii yupo Drupella cornus, na yupo sehemu nyingi za Bahari ya Hindi na Pasifiki. Si mgeni aliyeletwa na meli. Ni mwenyeji wa mwamba tangu zamani.

BintiKigombe

Mimi nachokoa pweza Kigombe, na nimekuwa nikienda mwambani na marehemu bibi tangu sijaanza shule. Hawa konokono tunawaona, hasa maji ya bamvua yakikupwa sana mpaka matawi ya matumbawe yanatokeza. Hatuwali. Wadogo, gamba gumu, nyama yenyewe kidogo na chungu.

Ninachotaka kuuliza ni hiki. Kwenye mawe na kwenye vipande vya matumbawe yaliyokufa huwa naona vijifuko vidogo vimebandikwa, rangi ya maziwa, vingine vimeingia manjano, vimekaa pamoja kama vipele. Ukibonyeza ni vigumu kidogo, havipasuki ovyo. Siku zote nilidhani ni mayai ya pweza, lakini bibi alikuwa anakataa, anasema mayai ya pweza yananing'inia kama vishada na mama yake hayaachi. Je, ndiyo mayai ya hawa?

Matumbawe_Hai

Dada, bibi yako alikuwa sahihi. Pweza jike anatundika mayai kwa nyuzi pangoni na anayalinda mpaka yaanguliwe, na yeye mwenyewe anakufa. Vijifuko unavyovisema ni vya konokono, ila si lazima viwe vya Drupella. Jamaa zake wengi wa ukoo mmoja wanataga hivyo hivyo, na wengi wao hawagusi matumbawe hata kidogo.

Naomba niende taratibu, nianze na kula halafu nije kwenye kuzaa, maana mambo haya mawili yameshikana.

Tumbawe ni jiwe lililovaa nyama nyembamba. Fikirini nazi iliyokwisha kupasuliwa: kifuu kigumu, nyama imebandikwa kwa ndani. Drupella hana haja ya kula kifuu. Ana mdomo mrefu anaoutoa kama mkonga, na ndani ya mdomo kuna ulimi wenye safu za meno. Anakuna. Kazi yake ni ile ya mbuzi ya kukunia nazi: anapita juu ya chokaa akikwangua nyama mpaka kifuu kinabaki cheupe. Anapenda hasa matumbawe ya matawi na ya meza, jenasi ya Acropora, pia Montipora na Pocillopora. Hayo ndiyo yanayokua haraka na kuupa mwamba maficho ya samaki, kwa hiyo akila hayo anakula nyumba ya viumbe wengine wengi.

Mchana anajificha uvunguni na katikati ya matawi. Usiku ndio anatoka.

Na sasa jambo lililokukuta wewe Mwana_Sahare. Tumbawe lililojeruhiwa linatoa ute, na ute ule una harufu majini. Drupella anafuata harufu. Wachunguzi wamewahi kutenga kemikali kutoka kwenye tumbawe la Montipora, wakaona inawavuta. Konokono wenzake wakianza kula, jeraha lao nalo linaita wengine. Nyundo yenu iliwapigia adhana ya chakula, kaka yangu. Walikuja kutoka matumbawe ya jirani, hawakuzaliwa pale ndani ya wiki mbili.

Kuzaa. Drupella wana dume na jike mbalimbali. Hawamwagi mbegu majini kama kiti cha pweza afanyavyo, jike mmoja akitoa mayai kwa mamilioni na madume yakimwaga mbegu kwenye maji hayo hayo. Drupella dume lazima amfikie jike, amwingilie. Ndiyo maana kichala kina faida mbili kwao: ni mahali pa kula na ni mahali pa kuoana. Konokono aliye peke yake kwenye mwamba wenye konokono wachache anapata taabu kupata mwenza. Wakikusanyika arobaini kwenye tumbawe moja, taabu hiyo haipo.

Jike akishapandwa anatafuta mahali pagumu pasipo na nyama ya tumbawe, kwa mfano shina lililokufa, na hapo anabandika vifuko kimoja kimoja kwa mguu wake. Kila kifuko kina ukubwa wa milimita chache tu, ndani yake mayai mamia. Wiki kadhaa baadaye kifuko kinafunguka juu, watoto wanatoka. Mtoto hafanani na mzazi: ana gamba dogo mno lisiloonekana kwa jicho, na mbawa mbili zenye nyele anazozipiga ili aelee na kujiletea vijimea vya kula. Anaelea na mkondo kwa wiki nyingine kadhaa. Mwisho anatafuta tumbawe, anatua, anageuka konokono, anajificha ndani kabisa kwenye matawi yaliyobanana. Wale wadogo huwezi kuwaona hata ukiwa na miwani mizuri. Na itamchukua miaka, si miezi, mpaka naye awe mzazi.

Kaskazi_Tupu

Ahsante mkuu, nimeelewa na nafuta kauli yangu. Kwa hiyo tumbawe la Sahare si lazima liwe na watoto wa Sahare?

Matumbawe_Hai

Ndiyo maana yake. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi na polepole wakati wa kaskazi. Mtoto anayeelea wiki kadhaa anaweza kuwa ametoka huko chini, upande wa Bagamoyo au Unguja, akatua Tanga. Na wa Tanga wanaweza kutua Kenya. Yule mwenye mbawa hajui mpaka wa nchi.

Mzee_wa_Dema

Assalaam aleykum wanangu. Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu na yeye ndiye anayeandika ninayosema.

Mimi nimetega madema Tongoni tangu ujana mpaka nguvu ziliponiisha. Nataka niseme juu ya samaki, maana nyinyi mnaongea konokono, lakini konokono ana mtu wake.

Dema likikaa mwambani usiku mmoja, zamani ulikuwa unapata tasi, pono, changu, na humkosi kikande. Kikande ni samaki mwenye ngozi kama msasa na meno kama patasi. Mtoto akimchezea anakatwa kidole. Tukimpasua, tumboni tunakuta nini? Vipande vya magamba. Magamba ya konokono, ya kaa, miiba ya vile vyeusi vya mwambani. Changu naye, hasa yule mkubwa, tumboni mna magamba yaliyosagwa. Bunju vile vile. Sisi hatukusoma, lakini tumbo la samaki halisemi uongo.

Halafu ikaja baruti. Nilikuwa naisikia ikilia asubuhi, mara tatu, mara nne, mpaka chombo kinatikisika ukiwa mbali. Baruti haichagui. Inaua changu na kikande, na tumbawe linakuwa kifusi. Nani anabaki? Mwenye gamba nene aliyejificha shimoni. Tulipoanza kulinda miamba wenyewe kwa vijiji, ule mradi wa pwani ya Tanga wa 1994 uliosaidiwa na IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, na watu wa Ireland, tulifunga baadhi ya miamba tusivue, na samaki walianza kurudi. Baadaye baruti ikarudi kwa nguvu, ikaumiza tena. Miaka hii imepungua sana, alhamdulillah, lakini kifusi bado kipo na kikande mkubwa simwoni.

Huyo ndiye mlinzi mnayemtafuta.

Mwana_Sahare

Shikamoo mzee. Nashukuru sana kwa maneno haya, na mjukuu mwambie nampa pole ya kuandika. Umenifungua. Mimi mwenyewe nikivua kikande huwa simrudishi, nampeleka nyumbani.

Mchuuzi_DeepSea

Mzee shikamoo. Mimi nauza samaki hapo Deep Sea, naomba niseme upande wangu bila kugombana na mtu.

Kikande zamani alikuwa hatakiwi, watu wanamwona ngozi ngumu. Leo anauzika, tena haraka, kwa sababu changu amekuwa wa wenye pesa. Mama mwenye watoto watano akija na pesa ya fungu moja, nampa kikande, anamchuna ngozi, anamtia nazi, watoto wanakula. Nikimwambia mama huyo asile kikande kwa ajili ya konokono wa Yambe, atanishangaa, na atakuwa na haki.

Ninachokiona mimi ni ukubwa. Wanaoletwa sasa wengi ni kiganja. Naamini ukubwa huo hata gamba nene hawavunji. Kama kuna jambo la kusema kwa wavuvi wetu, ni matundu ya dema na ya nyavu, mdogo apite.

Matumbawe_Hai

Mchuuzi, umesema jambo la maana sana, na nyongeza yako juu ya matundu ya dema ni ya kweli zaidi kuliko mabango mengi niliyoyasoma.

Kwa mzee: shikamoo. Ulichokikuta tumboni mwa kikande ndicho watafiti wa miamba ya Kenya wamekuwa wakikieleza kwa miaka mingi, kwamba kikande ni mlaji mkubwa wa viumbe wenye magamba na miiba, na akivuliwa kupita kiasi viumbe hao wanaongezeka. Na kuhusu Drupella, chapisho la 1994 la Kenya lilieleza kuongezeka kwa Drupella cornus kwenye miamba ya nchi hiyo iliyo kwenye maji tulivu, kati ya ufukwe na mwamba wa nje unaovunja mawimbi. Hapo ni jirani zetu kabisa, maji yale yale.

Ustaadh_Pangani

Mimi napeleka watu Maziwe kutoka Pangani. Ile Maziwe ambayo wazee wanasema ilikuwa na miti, leo ni fungu la mchanga linalotokeza maji yakikupwa. Pembeni yake matumbawe ni mazuri mpaka leo.

Naona konokono mwingine, si huyo wa Sahare. Huyu anakaa kwenye yale matumbawe ya bonge, yaliyoviringa kama jiwe. Ukimpindua, mdomo wa gamba ni zambarau kali, kama maji ya zambarau zile za kula. Ajabu yake haondoki. Nimemwekea alama ya uzi kwenye jiwe la karibu, nikamkuta pale pale msimu mzima. Mkubwa mmoja katikati, wadogo wawili watatu wamemzunguka. Na tumbawe lenyewe halina doa kubwa, ni chini ya tumbo lake tu. Je, naye ni adui?

Matumbawe_Hai

Ustaadh, umenifurahisha kwa kuweka alama ya uzi, wengi hawana subira hiyo. Huyo ni Coralliophila violacea, na maisha yake yananivutia kuliko ya konokono yeyote wa mwambani, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Kwanza hana ulimi wa meno. Ule mbuzi wa Drupella yeye hana. Anafyonza tu, kama mtu na dafu lenye mrija. Tumbawe la bonge, Porites, ni maelfu ya vinywa vilivyounganishwa kwa utando mmoja, na chakula kinapita kutoka kinywa hiki kwenda kile. Sehemu ikiumia, vinywa vya jirani vinapeleka chakula pale ili jeraha lipone. Konokono huyu amekaa juu ya jeraha. Kila kinachotumwa kuponya kinaishia kwake. Haendi kokote kwa sababu hana haja ya kwenda, meza inaandaliwa kila siku. Na tumbawe halimaliziki, kwa kuwa anachukua kile kinacholetwa.

Pili, wale wadogo wanaomzunguka ni madume, na mkubwa ni jike. Lakini jike huyo naye alikuwa dume. Kila mmoja anaanza maisha akiwa dume, na akikua vya kutosha anageuka jike. Ukubwa gani anageukia inategemea pia ni nani wako jirani naye. Jike mkubwa anabeba mayai mengi, na dume mdogo anatosha kumpandisha, kwa hiyo mpangilio huo una faida yake.

Tatu, mayai habandiki jiweni. Vifuko anaviweka ndani ya gamba lake mwenyewe, kwenye uwazi ulio juu ya mwili, na anavitunza humo mpaka watoto wako tayari kutoka na kuelea. Ukimpindua jike ukaona vijifuko vya manjano ndani ya zambarau, mrudishe ulivyomkuta, taratibu. Umeshika wodi ya wazazi.

Kumwita adui siwezi. Anaishi na tumbawe moja miaka na miaka.

Mwana_Mkwaja

Mimi naona tunazungukazunguka. Huyo wa Sahare ni mharibifu. Tukusanye vijana mia, tuingie miamba yote ya Tanga, tutoe konokono wote, tumalize. Kiti cha pweza mwenye miiba nchi nyingine wanamtoa kwa kampeni, kwa nini huyu asitolewe?

Matumbawe_Hai

Ndugu, hasira yako naielewa, hata mimi ninaipata nikiona meza iliyoliwa.

Kuna mahali wamejaa kweli. Mwamba wa Ningaloo, Australia Magharibi, miaka ya 1980, Drupella waliongezeka mpaka sehemu nyingine ilisemekana robo tatu ya matumbawe hai yamekwenda. Japani waliwaona wamejaa Miyake-jima 1976. Na kule Florida, Marekani, jamaa ya yule wa zambarau, ambaye huko anakula matumbawe ya matawi, alitolewa kwa mkono kwenye matumbawe machache na yale yaliyosafishwa yakapoteza nyama kidogo kuliko yasiyosafishwa. Kwa hiyo kutoa kwa mkono kunasaidia, mahali padogo, kwa tumbawe ulilolichagua.

Lakini fikiria kazi yenyewe. Kiti cha pweza ni mkubwa kama ungo, unamwona ukiwa juu. Drupella ni pingili ya kidole, amevaa rangi ya jiwe, mchana kajificha, na watoto wake wako ndani ya matawi usipoweza kufika bila kuvunja. Ukivunja, unaita wengine. Vijana mia wenye nyundo wataacha mwamba mbaya kuliko waliyoukuta. Na watoto wanaoelea wataletwa na mkondo mwaka ujao.

Wakati wa kumsaidia tumbawe kwa mkono ni baada ya joto kupauka mwamba. Matumbawe ya matawi yakifa mengi, konokono waliokuwa wametawanyika wanahamia kwenye machache yaliyobaki hai, wanajaa hapo. Hilo limeonekana Thailand na Maldivi. Tumbawe lililovumilia joto ndilo mbegu ya mwamba wa kesho, nalo ndilo linaliwa. Hapo kumi au ishirini ukiwatoa kwa vidole, umefanya kazi kubwa.

BintiKigombe

Na jamani tusisahau, Yambe na miamba ya huku kwetu imo ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009. Huwezi kuingia na nyundo ukafanya unavyotaka, hata nia ikiwa njema. Mwana_Sahare, nenda kwa wahusika, waeleze, uombe kibali, muende wote. Na mimi nitakuja, vidole vyangu vinajua kuingia kwenye matawi bila kuyavunja. Ndiyo kazi yangu ya kila bamvua.

Mwana_Sahare

Nimekuelewa dada. Kesho asubuhi nakwenda.

Mwana_Sahare (siku kumi na saba baadaye)

Wakuu, nimerudi na taarifa.

Tuliruhusiwa, na tulikwenda na mtu wa hifadhi. Tulikuwa watano: mimi, BintiKigombe, kijana wangu mmoja, mtu wa hifadhi na Matumbawe_Hai ambaye alipanda basi usiku kucha kutoka Dar. Tulichagua usiku wa maji mafu, bahari imelala, mkondo hauna nguvu. Tuliingia majini saa mbili usiku na tochi za majini.

Yale niliyosoma hapa nimeyaona. Mchana ule uvungu wa tumbawe langu ulikuwa kimya. Usiku wamepanda. Walikuwa wamejipanga kwenye mpaka wa weupe, bega kwa bega, vichwa vyote upande wa pazima. Matumbawe_Hai aliniwekea tochi pembeni nikamtazama mmoja kwa karibu. Mkonga umetoka chini ya gamba, mwembamba, rangi ya maziwa, unakwenda mbele unarudi, mbele unarudi, na kila ukirudi kuna kipande chembamba cha kahawia kinapotea. Pale ulipopita pameng'aa.

BintiKigombe aliwatoa kwa vidole viwili, mmoja mmoja, wale tu waliokuwa juu. Walikuwa 31. Hakuvunja hata ncha ya tawi. Tuliowaacha ndani tumewaacha. Kwenye visiki tulivyovivunja kwa nyundo nimeona jambo lililonipa faraja: viwili vimeanza kuvaa nyama upya pembeni, utando mwembamba umepanda juu ya chokaa.

Kwenye shina lililokufa, upande wa ndani, tulimkuta jike. Alikuwa amekaa bila kusogea, mguu umebana jiwe. Mbele yake vifuko kumi na viwili, vimejipanga bila mpango, vyeupe kama wali uliopoa. Tukasubiri. Matumbawe_Hai alipanda kuvuta pumzi akashuka, akapanda akashuka, sijui mara ngapi. Jike aliinua ukingo wa mguu kidogo tu, akasogea kama upana wa ukucha, na pale alipotoka palikuwa na kifuko cha kumi na tatu, kibichi, kinapitisha mwanga.

Tulimwacha, na vifuko vyake. Mtu wa hifadhi aliuliza kama tuvikwangue, na sote tukamwangalia BintiKigombe, sijui kwa nini yeye. Akatikisa kichwa.

Mzee_wa_Dema, hili ni lako. Tulipokuwa tunarudi kwenye boti nilimulika shimo moja kwenye mwamba, si zaidi ya hatua nne kutoka kwa lile tumbawe. Ndani alikuwa amelala kikande. Mkubwa, mzee, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Alikuwa amejibana ubavu, mwiba wa mgongoni ameusimamisha ukagota dari ya shimo, hata ungemvuta asingetoka. Jicho moja lilinifuata. Huko juu konokono wanakula, naye amelala mpaka kuche.

Mzee_wa_Dema

Alhamdulillah. Usimwambie mtu shimo hilo liko wapi.